Injini ya SUV kuukuu imekufa: kutambua kilichoharibika kabla ya kuamua kulitengeneza gari au kuliacha

Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 likizimika na kukataa kuwaka tena, swali la kwanza analoulizwa mwenye gari ni kama atalitengeneza au ataliuza. Swali hilo huja mapema mno. Neno "imekufa" halisemi ni kipi kilichokufa, na neno "imenoki", ambalo mafundi na madereva hulitumia kwa karibu kila injini iliyogoma, linaweza kumaanisha beringi iliyosagika, gasketi iliyoungua, mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu zifuatane na mwendo wa pistoni) uliokatika, au hata kompresa ya kiyoyozi iliyokwama huku injini yenyewe ikiwa nzima. Gharama za hitilafu hizo hazikaribiani kabisa. Nimeona magari yakiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa tatizo ambalo lingemalizika kwa siku moja. Nimeona pia watu wakinunua injini nyingine na kuipoteza ndani ya miezi michache, kwa sababu rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo iliyoua injini ya kwanza, ilirudishwa palepale bila kuguswa.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, na suala la fedha linakuja mwishoni. Chini ya kila dalili, sababu zimetajwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra, na vipimo vimeanza na vile ambavyo mwenye gari anaweza kuvifanya mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Usiendelee kuiwasha. Kila mara stata inapozungusha injini ambayo mkanda wake umekatika, ambayo ina maji ndani ya silinda au ambayo imekosa oili, uharibifu mdogo unaweza kugeuka kuwa mkubwa. Lisogeze gari mahali salama, zima kila kitu, kisha andika ulichokiona na kukisikia kabla hakijakutoka akilini: mshale wa joto ulikuwa wapi, taa ya oili iliwaka kabla au baada ya injini kuzimika, kulikuwa na mgongano wa chuma, moshi ulikuwa wa rangi gani, nguvu zilipungua polepole au zilikatika mara moja. Maelezo hayo humsaidia fundi kuliko gari lenyewe linapofika kwake likiwa limevutwa na halisemi kitu.

Injini ikishapoa, chomoa kijiti cha kupimia oili na utazame kiwango na rangi. Tazama pia chupa ya akiba ya maji ya rejeta, kisha chungulia chini ya gari kama kuna kilichomwagika. Vipimo hivi vitatu havihitaji kifaa chochote.

Ukigeuza ufunguo, injini haizunguki hata kidogo

Mara nyingi kosa halimo ndani ya injini. Anza na betri, vichwa vyake, na waya unaounganisha injini na bodi ya gari. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, na ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inajaribu kufanya kazi, betri imechoka au kuna kitu kinachoilemea. Ikiwa betri ni nzima na unasikia mlio mmoja tu wa kugonga, stata yenyewe ndiyo inayofuata kushukiwa.

Sababu ya tatu husahaulika. Kompresa ya kiyoyozi, alternata au pampu ya usukani ikikwama, mkanda wa nje unaweza kuizuia injini nzima isizunguke. Ondoa mkanda huo na ujaribu kuzungusha puli ya kila kifaa kwa mkono. Puli iliyogoma itajitambulisha yenyewe, na hapo utakuwa umeokoa injini ambayo ilikuwa imeshazikwa kwa maneno.

Ikiwa hayo yote ni mazima, injini izungushwe kwa mkono. Tenganisha waya hasi wa betri, weka gia huru, zuia magurudumu, kisha toa plagi zote, au plagi za kupashia joto ikiwa ni injini ya dizeli. Tumia spana yenye mkono mrefu kwenye bolti ya puli ya mbele ya kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ukizungusha upande ambao injini huzungukia kwa kawaida. Mizunguko miwili kamili isiyokwama ni habari njema, kwa kuwa kila pistoni imepita hatua zake zote. Ikigota mahali palepale kila mara, pistoni inagusa kitu, ambacho mara nyingi ni valvu. Isiposogea hata kidogo, injini imeshikana.

Maji yakiruka kutoka kwenye tundu la plagi, silinda ilikuwa imejaa maji, ama kwa sababu gari lilipita kwenye maji yenye kina yaliyoingia kupitia njia ya hewa, ama kwa sababu gasketi imevuja. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo pistoni inayokutana nayo huweza kupinda konrodi, yaani fimbo inayoiunganisha na kranki. Hapa pana mtego: injini inaweza kukaushwa, ikawaka na ikaonekana imepona, ilhali konrodi moja imefupika kwa kupinda na itavunjika baadaye na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Injini iliyomeza maji ipimwe mgandamizo, yaani nguvu ya kubana hewa, katika kila silinda kabla ya kurudishwa barabarani.

Injini iliyoshikana kwa sababu ya kukosa oili, au baada ya kuchemka kupita kiasi, usijaribu kuifungua kwa nguvu wala kwa kulivuta gari likiwa kwenye gia. Acha hapo, mwite fundi. Ile iliyoshikana kwa kutu kwa sababu gari lilisimama miaka mingi ni habari tofauti: mafuta ya kulainisha kutu yakimiminwa katika kila silinda na kuachwa siku kadhaa, wakati mwingine huiachilia.

Stata inazungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, na haiwaki

Aliyeizoea injini yake huitambua sauti hii mara moja, kwa kuwa ule mdundo wa kupanda na kushuka haupo na badala yake kuna mvumo mwepesi wa mfululizo. Silinda hazibani hewa. Sababu ya kwanza ya kushuku ni mkanda wa taimingi uliokatika au kuruka meno. Watengenezaji wengi hutaka mkanda huo ubadilishwe kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na pia huweka kikomo cha miaka, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Katika magari yaliyopita mikononi mwa watu wengi, rekodi ya kubadilishwa kwake mara nyingi haipo, na mnunuzi huchukulia kuwa ulibadilishwa kwa kuwa aliambiwa hivyo.

Fungua kifuniko cha juu cha mkanda utazame. Ukiuona umekatika, usizungushe tena. Swali linalobaki ni kama injini yako ni ya aina ambayo valvu na pistoni hupishana katika nafasi moja kwa zamu. Ikiwa ndivyo, kukatika kwa mkanda huacha valvu zimepinda, na katika injini nyingi za dizeli, ambazo nafasi hiyo ni finyu sana, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) au pistoni pia huumia. Ikiwa sivyo, mkanda mpya unaweza kutosha. Kitabu cha injini husema ni aina gani. Kisiposema, fundi aweke mkanda mpya kwa muda, azungushe kwa mkono taratibu, kisha apime hewa inayovuja kwa kuijaza kila silinda hewa ya shinikizo. Hewa inayotokea kwenye ekzosi huonyesha kuwa valvu ya kutolea moshi haifungi, na inayotokea kwenye njia ya kuingizia hewa huonyesha ile nyingine.

Tafuta pia kilichokata mkanda. Pampu ya maji iliyokwama, rola ya kukazia iliyosagika au oili iliyovuja kutoka kwenye sili ya mbele itaua mkanda mpya vilevile.

Hitilafu hii, hata valvu zikiwa zimepinda, kwa kawaida huacha sehemu ya chini ya injini ikiwa nzima. Kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kutengenezwa kuliko zote zilizomo humu.

Injini ilichemka, au maji yanapotea bila kuonekana yanapokwenda

Dalili hii huua injini nyingi za magari ya umri huu, na ndiyo pia inayotengenezwa kwa haraka na kurudi tena.

Onyo la kwanza: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na joto. Mfumo huo hufanya kazi kwa shinikizo la takriban bar 1 juu ya hewa ya kawaida, na maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100. Kifuniko kikifunguliwa, maji huchemka papo hapo na kuruka usoni. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Anza na mambo ya nje, kwa mpangilio wa mara yanavyotokea: mpira au rejeta inayovuja, kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo, feni isiyovuta, termostati iliyokwama ikiwa imefungwa, rejeta iliyoziba ndani kwa tabaka la chumvi au nje kwa matope na wadudu, na pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa. Lolote kati ya hayo huchemsha injini bila kuwa limeiharibu, mradi dereva alisimama mapema. Jambo moja huwadanganya wengi: maji yakiisha kabisa, kipimo cha joto hakiguswi tena na maji, na mshale unaweza kushuka au kutulia katikati huku injini ikiungua. Dereva anayesema "mshale haukupanda" anaweza kuwa anasema kweli na injini ikawa imeungua.

Baada ya hapo ndipo gasketi ya silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye valvu, ishukiwe. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, iwashe na utazame maji: mapovu yasiyokoma huashiria gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, wakati maji bado ni baridi, husema jambo lilelile. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, unaoendelea hata injini ikishapata joto, ni maji yanayoungua. Fundi mwenye kimiminika cha rangi kinachotambua gesi ya ekzosi anaweza kulithibitisha hilo kwa dakika chache bila kufungua kitu.

Oili iliyogeuka kama maziwa kwenye kijiti ina maji. Lakini utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, huku oili ya kwenye kijiti ikiwa safi, mara nyingi ni mvuke tu wa safari fupi, na si haki kuihukumu injini kwa ajili hiyo. Kinyume chake, oili inayoelea kwenye maji ya rejeta inaweza kutoka kwenye kipoza oili badala ya gasketi. Ikiwa gari lina gia boksi ya otomatiki na kipoza chake kimo ndani ya rejeta, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye gia boksi. Tazama na oili ya gia: ikiwa imekuwa ya waridi na yenye povu, gari lisiendeshwe hata mita moja zaidi, kwa kuwa sahani za msuguano zilizomo huharibiwa na maji haraka.

Silinda hedi ikishafunguliwa, kubadilisha gasketi peke yake ni kazi nusu. Hedi ya alumini iliyochemka hupinda, na kupinda kunakovumilika ni kudogo sana, kati ya milimita 0.05 na 0.10 katika injini nyingi. Ipimwe kwa rula iliyonyooka na vipimo vya unene, ikaguliwe nyufa, hasa kati ya viti vya valvu, na ijaribiwe kwa shinikizo kwenye karakana ya mashine. Baadhi ya hedi za dizeli haziruhusiwi kuchongwa kabisa, nyingine huruhusiwa kidogo tu, na unene wa gasketi mpya huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Bolti za aina inayorefuka zinapokazwa hazirudiwi. Uso wa bloku nao upimwe, kwa sababu hedi mpya iliyowekwa juu ya bloku iliyopinda itavuja kama ya zamani.

Dawa za kumimina kwenye rejeta ili kuziba gasketi sizipendekezi kwa gari unalokusudia kulibakiza. Dawa hiyohiyo inayoziba ufa huziba pia mirija myembamba ya rejeta na ya hita, na fundi atakayefungua baadaye atakuta matope.

Acha na umwite mtaalamu ikiwa gari lilichemka hadi likazimika lenyewe, au liliendeshwa kwa kilomita kadhaa baada ya kuchemka. Hapo ringi za pistoni huenda zimepoteza ukakamavu na pistoni kukwaruza silinda, na gasketi mpya haitarudisha mgandamizo uliokwisha.

Injini inagonga

Sauti ya kugonga ndiyo inayowafanya watu wakate tamaa, ilhali si kila mgongano una uzito uleule. Mlio mwembamba wa juu, unaokwenda kwa nusu ya mwendo wa injini, mara nyingi ni wa valvu, na huanza na oili iliyopungua au iliyochakaa. Mlio wa pumzi kali unaopungua ekzosi ikipata joto ni uvujaji kwenye kiungo cha ekzosi. Injekta ya dizeli inayomimina vibaya hugonga kwa ukali kiasi cha kufananishwa na beringi. Katika gari la otomatiki, sahani inayounganisha injini na gia boksi ikipasuka hugonga vilevile, na kuna injini zilizotolewa na kubadilishwa bure kwa ajili ya sahani hiyo. Pistoni iliyolegea hugonga asubuhi na kutulia injini ikipata joto.

Beringi za konrodi hugonga kwa sauti nzito kutoka chini, inayoongezeka injini ikipata joto na kubebeshwa mzigo, na mara nyingi husikika zaidi unapoachilia mafuta. Ikiambatana na taa ya oili kuwaka injini ikiwa moto, zima papo hapo. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki ni sehemu chache tu za mia za milimita, na ikishaisha, chuma husaga chuma. Umbali kati ya kranki inayoweza kuchongwa upya na konrodi inayotoboa bloku unaweza kuwa kilomita chache za ukaidi.

Kwa uchunguzi, pima kwanza kiwango cha oili. Kisha imwage kupitia kitambaa cheupe safi na ukate filta ya oili uikunjue juani. Vumbi la kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kama shaba au fedha ni beringi. Usiamini taa ya oili peke yake, kwa kuwa kihisi chake nacho huharibika: fundi afunge kipimo halisi cha shinikizo. Injini nyingi zikiwa na joto huonyesha karibu bar 1 zikiwa zimetulia na karibu bar 3 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ingawa kitabu cha injini husika ndicho kinachoamua.

Ili kujua silinda ipi inagonga, mafundi wa zamani walizoea kulegeza nati ya bomba la injekta moja baada ya nyingine. Katika injini za dizeli za mfumo wa reli ya pamoja, ambamo bomba moja la shinikizo kubwa hulisha injekta zote, usilifanye hilo kamwe. Mafuta humo huweza kuwa na shinikizo la zaidi ya bar 1,000 na hupenya ngozi kama sindano. Jeraha hilo huonekana dogo, lakini ni la dharura na linahitaji hospitali saa ileile. Silinda zizimwe moja moja kwa kifaa cha kompyuta.

Beringi ikithibitika, uamuzi unategemea kranki. Ikiwa haijakwaruzwa kwa kina, huchongwa hadi kipimo kinachofuata, kwa kawaida milimita 0.25 au 0.50, na kuwekewa beringi nene zaidi. Kubandika beringi mpya juu ya kranki yenye makovu, kazi ambayo hufanywa kwa bei nafuu bila kutoa injini, hudumu kwa muda mfupi tu. Aidha, chembe za chuma huwa zimeshasambaa: kipoza oili, turbo na njia zote za oili zioshwe au zibadilishwe, la sivyo zitaila injini mpya.

Moshi wa bluu na oili inayopungua

Injini inayokula oili haijafa, na mara nyingi inaweza kuendelea kutumika kwa muda mrefu mradi oili iongezwe. Anza na njia ya hewa chafu ya kwenye injini, ambayo ikiziba husukuma oili mahali pasipofaa. Moshi unaotoka unapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu au baada ya kusimama huku injini inawaka hutoka kwenye sili za valvu. Oili nyingi ndani ya mabomba ya turbo huashiria kuwa kosa ni la turbo. Ringi zilizokwisha hutoa moshi kila unapopanda kilima, na huthibitishwa kwa kupima mgandamizo. Injini nyingi za petroli zenye afya huwa kati ya bar 10 na 13, na za dizeli huvuka bar 20, lakini tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kuliko namba yenyewe. Silinda ya petroli iliyo dhaifu ikitiwa kijiko kidogo cha oili na kipimo kikapanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi.

Hatari moja izingatiwe. Injini ya dizeli yenye turbo iliyovunjika sili inaweza kuanza kuungua kwa oili yake yenyewe na kuongeza kasi bila kusikia ufunguo. Katika gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa na uachie klachi ili izimike. Katika la otomatiki, njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao mgumu, kamwe si kwa mkono. Ikiwa huwezi kuufikia kwa usalama, ondoka na uwaondoe watu.

Gari linawaka lakini halina nguvu

Hili mara chache huwa kifo cha injini. Filta ya mafuta iliyoziba, bomba la turbo lililochomoka, ekzosi iliyoziba kwa masizi au kihisi kilichokosea hulifanya gari lijizuie. Soma misimbo ya hitilafu iliyomo kwenye kompyuta ya gari kwanza, na usikubali injini ifunguliwe kabla ya hapo.

Kuamua

Baada ya kujua kilichoharibika na kilichokiharibu, acha injini na utazame gari lililobaki. Ingia chini ukiwa na nyundo ndogo na ugonge chasisi, hasa karibu na viungo vya spring na juu ya ekseli ya nyuma. Chasisi iliyoliwa na kutu humaliza mjadala, hata kama injini ingetengenezwa bure. Kisha gia boksi, transfa (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) na difu: je, zilikuwa zikibadilisha gia vizuri, je, magurudumu manne yaliingia yalipotakiwa, oili yake ikoje? Injini iliyotengenezwa upya hurudisha nguvu ambayo gia boksi iliyochoka haijaiona kwa miaka mingi, na mara nyingi ndiyo inayofuata kuvunjika. Hatimaye uliza kama vipuri vya gari hilo bado vinapatikana na kama kuna fundi anayelijua kwa mikono yake.

Njia ziko nne. Kutengeneza sehemu iliyoharibika tu kunafaa pale ambapo vipimo vimeonyesha kuwa sehemu nyingine ni nzima, kama vile mkanda uliokatika au gasketi iliyogunduliwa mapema. Kufungua injini yote na kuifanyia matengenezo makubwa kunafaa kwa gari lenye chasisi safi ambalo unakusudia kulitumia kwa miaka mingi, mradi karakana ya mashine ni ya kuaminika, kwa sababu ubora wa kazi hiyo unategemea vipimo kuliko vipuri. Injini ya mtumba huonekana rahisi, lakini unanunua historia usiyoijua. Usiinunue bila kupima mgandamizo, kutazama ndani ya kifuniko cha oili na kukata filta yake, na kabla ya kuifunga badilisha mkanda, pampu ya maji na sili za mbele na nyuma wakati bado iko nje. Hakikisha pia kuwa mfumo wa umeme na kompyuta yake vinalingana na vya gari, na kuwa namba ya injini ina hati halali, kwa kuwa mahali pengi hubidi iandikishwe upya. Njia ya nne ni kuliuza kama lilivyo, ukimweleza mnunuzi hitilafu iliyopimwa, na gari lenye hitilafu inayojulikana kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko lile ambalo "halijulikani lina nini".

Wengi hutumia kanuni kwamba matengenezo yasizidi nusu ya thamani ya gari likiwa zima. Kanuni hiyo inasaidia pale hitilafu inapokuwa ndogo, lakini inapotosha katika magari kuukuu, kwa kuwa thamani yake sokoni ni ndogo daima. Linganisha gharama ya kulitengeneza na gharama ya kupata gari jingine linaloweza kufanya kazi ileile, pamoja na matengenezo ambayo gari hilo geni nalo litayataka katika mwaka wa kwanza. Gari lako unalijua udhaifu wake, lile jingine hulijui. Hata hivyo hesabu iwe kamili: ongeza gasketi zote, bolti mpya, kazi ya mashine, rejeta, mipira ya maji, klachi ikiwa gia boksi inashushwa, oili za kila aina, na akiba ya angalau robo kwa yale yatakayoonekana baada ya kufungua. Ikiwa huwezi kuibeba akiba hiyo, usiruhusu injini ifunguliwe, kwa sababu injini iliyofunguliwa na kuachwa vipande vipande ni ngumu kuuza kuliko iliyofungwa.

Kabla ya kutoa idhini, omba fundi akuandikie kilichoharibika, kilichosababisha, na atakachofanya ili kisirudie. Mwombe pia akuhifadhie vipande vya zamani uvione. Fundi anayejua kazi hawezi kukasirishwa na maombi hayo.

Injini ikishafungwa, oili ijazwe na kusukumwa hadi shinikizo lionekane kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Usiibebeshe mzigo mzito wala kuivuta trela katika kilomita 1,000 za mwanzo, pima maji na oili kila asubuhi, na ubadilishe oili na filta kati ya kilomita 500 na 1,000. Filta hiyo ya kwanza ikatwe na kutazamwa kama ile ya injini iliyokufa. Chembe chache za usagaji wa mwanzo ni za kawaida, lakini ukiona vipande vya rangi ya shaba, zima gari na ulirudishe kwa fundi siku hiyohiyo likiwa limebebwa.